Nani Alimwambia Hénock Afungue Chungu

Jumatatu, 23 Februari

Umeme ulikatika tena asubuhi, oveni ya maabara ikachelewa kuwaka. Chungu changu kimetoka jioni hii — digrii mia na themanini! Ndani mna chumvi ya fedha, sukari na maji kwenye kikombe cha teflon. Nje ni chuma kitupu na kifuniko cha skrubu. Mungu akijalia nitapata nyuzi za fedha zisizoonekana kwa macho, kila uzi na koti lake la kaboni ili fedha isiingie weusi. Mpaka leo napata vumbi tu.

Chungu hakifunguliwi kikiwa moto. Kinaachwa kipoe chenyewe mpaka kesho mchana. Na zamu yangu ya hadubini ni kesho alfajiri — eish! Itanipita. Nimelalamika wee, mpaka Hénock akacheka. Meza yake inapakana na yangu, ni Mkongomani wa Bukavu, mtu wa kanisa haswa, lakini tangu Ramadhani ianze ndiye ananikumbusha saa. Kaniambia niende nikafuturu, meza ataifuta yeye. Naenda. Njaa haina sayansi.

Jumanne, 24 Februari

Yarabi! Jana tende ilikuwa bado mdomoni niliposikia kishindo.

Hénock alikitia chungu kwenye ndoo ya maji baridi. Akagusa chuma, akaona kimepoa, akalegeza kifuniko. Kumbe ndani bado kunachemka! Uji mweusi ukamrukia usoni. Nilimkuta sakafuni, anamwita Mungu kwa Kifaransa.

Ndani ya ambulansi alinishika mkono. Akaniambia alitaka niwahi zamu yangu, basi. Nani alimtuma? Hakuna! Wema wake tu, mjinga yule. Hapana, si mjinga. Sijui hata naandika nini.

Ijumaa, 27 Februari

Jicho la kulia bila upasuaji ndiyo basi tena. Uso mzima mabaka meusi — chumvi ya fedha haitoki kwa sabuni.

Msimamizi wangu aliyapeleka mabaki ya kikombe kwenye hadubini. Nyuzi! Ndefu, zimenyooka, koti la kaboni kila mahali. Akanipongeza. Nami nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi! Kisha nikajifungia chooni nikalia.

Jumamosi, 28 Februari

Nimetoka mtaa wa Yeoville kwa Victoire, mke wa Hénock. Alikuwa saluni anasuka. Hakuniangalia mpaka alipomaliza kichwa cha mteja.

Kisha akanivuta nje akanieleza. Kama Hénock alitumwa na mwenye kazi, yaani mimi, bima ya chuo italipa upasuaji. Kama alifungua mwenyewe, hakuna bima, na atafukuzwa. Akifukuzwa, kibali cha kukaa nchini nacho kimekwisha.

"Mwatumu, sema ni weye ulimutuma. Watakufukuza, sawa. Utarudi Tanga, mama yako yuko. Siye turudi Bukavu gani, na vita ile?"

Nilipanda teksi hasira zimenijaa mpaka La Rochelle ninakopanga. Nimefunga, halafu nikaseme uongo? Na mimi je, sikutoka jasho? Mtu afanye lake, nibebeshwe mimi!

Ila lile la Bukavu haliniachi.

Jumatano, 4 Machi

Kesho kikao cha chuo cha kuchunguza ajali. Msimamizi ananiambia niseme ukweli tu. Kwake rahisi, jicho si lake.

Nimeamua. Ukweli ni mmoja, na liwe liwalo. Mbona sasa daku nimeirudisha sufuriani?

Alhamisi, 5 Machi

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha kikao. Hénock kaingia kwanza. Naandika huku nikingoja. Midomo imekauka, na si saumu peke yake. Maneno ninayo: sikumtuma, alifungua mwenyewe. Mafupi tu. Nimeyarudia mpaka yamekuwa ya mtu mwingine.

Katoka.

Bandeji jicho moja, jingine linachuruzika. Hakukaa. Akasema polepole kwamba amewaambia ni mimi niliyemwambia afungue. "Unisamehe, dada."

Loo! Nilitaka kumzaba kofi, wallahi. Nikamwangalia. Weusi umeshuka mpaka shingoni, na shati alilovaa ni lile la kanisani. Nikarudi kwenye daftari.

Huko ndani wanauliza kama Mwatumu yupo.

Yupo, nimejibu. Hénock amenishikia mlango.