Bunduki ya Aabo Yenye Kitako cha Plastiki

Aston, Birmingham
Jumapili

Dada yangu Safiyo,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba presha ya Mama imeshuka. Sisi huku tu wazima, ila baridi haina adabu. Nimempa Ayan, anayesafiri kuja huko, akuletee mkononi kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu.

Hasira bado ninayo. Nilipoambiwa umeipeleka bunduki ya Aabo polisi, Mama hata hajamaliza eda, niliitupa simu kitandani. Najua leseni ilikuwa ya Aabo na baba yetu hayupo tena. Lakini ungenipigia kwanza! Kile kitako cha plastiki ya kahawia majirani walikicheka, wakisema ni cha mwanasesere, na Aabo akawajibu kwa kuangusha kanga mmoja baada ya mwingine. Na wewe ndiye uliyekimbia na kisu, dera umelikunja mpaka magotini, umwahi kanga umchinje kabla hajakata roho, maana Aabo hakula ndege aliyekufa kwa risasi. Hukuchelewa hata mara moja. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyonyoa manyoya. Kuigusa bunduki nilikatazwa, na kwa hilo nina hasira na Aabo pia, Mungu amrehemu.

Ndiyo maana niliandika kwenye grupu la familia, shangazi wote wakisoma, kwamba haikukutosha kumlemaza Aabo mguu, sasa umemtupia na bunduki yake.

Jana Gurvinder, ninayefanya naye kazi Longbridge, alinialika siku ya wageni kwenye klabu yao ya kulenga shabaha. Akatoa bunduki aina ile ile. Nusura nilie kwa furaha. Akachomoa mrija wa risasi kwenye kitako, akaumwaga, nami nikanyoosha mkono. Akanikemea mbele ya watu, akasema bado. Alipovuta komeo, risasi bandia aliyoitia makusudi ikaruka kutoka ndani. Akasema wajinga humwaga mrija wakadhani wamemaliza, na ile moja iliyobaki ndiyo huua.

Niliondoka bila kufyatua hata risasi moja. Safiyo, siku ile Aabo alipokupa bunduki uifute, akakwambia ni tupu, asubuhi yake mimi nilikuwa nimeiiba nikawapiga njiwa nyuma ya zizi. Nikamwaga mrija, nikairudisha, nikajiona mjanja. Ilipofyatuka ikampiga Aabo goti, uliapa hukutia risasi, na hakuna aliyekuamini. Mimi nikanyamaza. Nilijiambia niliimwaga, basi si mimi. Miaka ishirini na mbili nimejiambia hivyo, mbwa mimi, nawe ukiishi nyumba moja na bunduki ile na Mama asiyekusamehe.

Risasi ilikuwa yangu.

Leo asubuhi nimeyaandika haya kwenye grupu. Shangazi wameanza kunitukana. Waache, usinitetee.

Wape wanao salamu zangu. Mama msomee barua hii kwa sauti, yote, usiruke neno kwa kunihurumia.

Nduguyo,
Ridwan