Ufunguo Ulioniagiza

Dada yangu Opal,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na mama yake Tessa, pamoja na hiyo mvua yenu ya Oregon isiyojua kupumzika. Magoti yako yanaendeleaje? Mimi ni mzima kama fahali, isipokuwa sikio la kushoto, na hilo nimeshaacha kulidai. Usishangae kupata barua badala ya simu, sababu utaikuta mbele. Shule niliiacha darasa la nne, lakini katika Oklahoma nzima sijaona mtu wa kunifundisha namna ya kusema jambo likasikika.

Barua yako niliipata. Uliniagiza nimnyang'anye mjukuu wako Tessa ufunguo wa gari nikutumie kwa posta, maana tangu aje kukaa nami amegeuka mfukuzia vimbunga, anavifuata kwa gari avitazame, na wewe huko hulali. Nilikubaliana nawe. Alhamisi mchana mawingu yakaanza kuvimba upande wa magharibi, nikamkuta tayari yumo garini. Nikamwamuru ashuke. Akaniambia, babu, panda au nipishe. Nikapanda, nia yangu nikamrudishe tukifika njia panda. Kikombe changu cha kahawa nikakiacha barazani juu ya kiti, kwa sababu unanijua: king'ora cha kimbunga kikilia, wengine hushuka handakini, mimi hukaa pale pale nikitazama. Baba hakushuka hata siku moja, na mimi sijashuka.

Opal, ungeiona hiyo gari! Ana simu mbili za kampuni mbili, kwa kuwa huku mashambani mtandao wa moja ukifa, wa pili huenda ukapumua. Juu ya paa kuna antena ya sumaku, na chini ya kiti kidude cha kukuza mtandao hafifu ukawa mtandao wa maana. Nilimcheka sana. Nikamwambia mimi nanusa kimbunga kwa pua. Akanijibu kwamba pua yangu miaka yote imenusa kahawa tu. Mdomo huo kaurithi kwako.

Tukaenda hadi mteremko wa kushukia mto Washita, na kufikia hapo nilishasahau habari ya kumrudisha. Rada kwenye simu ilionyesha tufani iko mbali, kaskazini. Mvua ilikuwa pazia, mbele hatuoni kitu. Nikamwambia avuke daraja, njia nyeupe, tukakione kimbunga kwa karibu kama watu wazima. Akafunga breki. Akaniuliza, babu, hiyo picha ni ya saa ngapi? Nikasema ya sasa hivi, kwani sina macho? Akaweka kidole pembeni ya picha, penye saa ndogo. Mtandao ulikuwa umekatika tangu tulipopita ghala la ngano, na picha ikabaki imeganda, nzuri, inang'aa, na ni ya uongo mtupu. Akasema kimbunga hakimsubiri mtu apate mtandao. Akageuza gari tukarudi juu, kwenye kilima cha tangi la maji.

Huko mvua ya mawe ikaipiga antena ikaanguka ubavuni, inaning'inia kwa waya. Simu zote mbili zikanyamaza. Hapo ndipo nilipofaa, na asikwambie mtu vinginevyo. Nilifungua dirisha, nikaivuta, nikaikandamiza juu ya bati kwa kiganja changu, mawe yakinitwanga mkono kama mahindi kinuni. Tessa akawa anapiga kelele, usitikisike babu, wewe ndiye mnara wangu! Nikamwambia ukoo wa Stroud hautikisiki.

Rada ikarudi. Kimbunga kilikuwa kimekaa juu ya daraja lile lile nililomwamuru avuke, kikielekea mashariki. Akatuma taarifa ofisi ya hali ya hewa, kisha akawapigia jirani zetu wakina Bledsoe. Mama Bledsoe akaanza ubishi, ana mkate wa mahindi ovenini. Tessa akamwambia, shangazi, huo mkate nitakupikia mwingine, shuka na watoto sasa hivi. Wakashuka. Wote wazima, na paa lao liko kwenye shamba la jirani. Sauti ya Tessa haikutetemeka, Opal, ingawa kwenye ile rada alishaona kinakokwenda kikitoka kwa Bledsoe. Mimi sikuona. Nilikuwa nimeshika antena, najisifu.

Sasa kaa chini. Nyumba ya baba haipo. Imebaki sakafu, na ngazi za baraza zinazopanda kwenda pasipo kitu. Simu ya nyumbani ilikwenda na ukuta. Nilimkataza Tessa asikupigie, kwa sababu habari ya nyumba tuliyozaliwa ni mimi wa kukupa. Kiti changu hatujakiona hadi leo. Ningekuwa nimekikalia, dada. Unajua ningekuwa nimekikalia.

Wakina Bledsoe wametupa chumba ghalani na bamia za kukaanga kila jioni, kwa hiyo usituonee huruma. Msalimie mama yake Tessa, mwambie amezaa chuma.

Ufunguo umo humu bahashani. Si ule ulioniagiza. Huu ni wa mlango wa mbele, ulibaki mfukoni mwangu, na mlango wenyewe bado tunautafuta. Ule wa gari anao mwenyewe, nami sitaugusa. Mawingu yakipanda tena nitakuwa kiti cha pembeni, mkono nje ya dirisha.

Ni mimi kaka yako, bado mbishi,
Harlan