Kikapu Alichosuka Mama

Samuye,
Shinyanga.
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Maige,

Marahaba, ingawa hujaniamkia tangu Pasaka. U hali gani huko Geita? Mkeo Melania na mwanao Loveness hawajambo? Na kile kifua chako, kimepona? Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto linalalamika kila nikiinama.

Michembe imeanikwa Samuye nzima. Nikisikia harufu ya viazi vinavyokauka juani nakikumbuka kile kikapu alichosuka mama. Kila baada ya mavuno kilipitishwa nyumba kwa nyumba, kimefunikwa kanga, wanawake wakikibeba kwa zamu. Mwenye nacho alitia mkono akaweka michembe. Asiye nacho alitia mkono akachukua. Mbebaji alitakiwa kutazama pembeni. Wewe ulizoea kuchungulia, mama akakufinya sikio! Nimecheka peke yangu hapa, kisha nikalia kidogo. Nazikumbuka mno siku zile.

Sasa kilichonifanya niandike. Kikundi chetu cha kuwapikia wazee wasio na watu kilifanya harambee mwezi uliopita. Watu walijitoa kweli. Mimi na kiherehere changu nikashika kipaza sauti, nikasoma majina ya waliotoa, kisha nikasoma na ya wazee wanaokula kwetu, ili watoaji waridhike. Nilipomtaja Bibi Nyamizi, yule jirani yetu wa zamani, alijifunika uso akaondoka. Hakuja tena kula. Nikampelekea ugali nyumbani, akasema ameshiba. Maige, alikuwa amebaki mifupa. Niliona aibu mpaka nikashindwa kulala.

Jumapili iliyopita nilikitoa kikapu cha mama juu ya kabati, nikakifunika, nikazunguka nacho. Nyamizi alitia mkono. Nikatazama barabarani. Sijui aliweka au alichukua, na sitaki kujua. Kesho yake alikuja kula, akanisema kwamba mlenda wangu hauna chumvi.

Ndiyo maana yale magunia ya mahindi uliyoahidi, kwa sharti upigwe picha na wazee uibandike kwenye duka lako la kununulia dhahabu, sitayapokea hivyo. Usinune. Nayahitaji sana, maana unga wetu haufiki Agosti. Yalete bila picha.

Kaka Luka akipita kwako akitoka Masumbwe, mwambie namsalimu, na mkeo na mwanao vilevile.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Mwaka ule wa ukame, ukiwa bado unanyonya, kikapu kilifika kwetu, na mimi pia nilichungulia. Mkono wa mama uliingia mtupu, ukatoka umejaa. Akarudia mara ya pili. Aliyekibeba siku ile alikuwa Nyamizi, naye alikuwa akitazama barabarani.

Kikapu nimempa kondakta wa basi pamoja na barua hii. Tia mkono wako, kisha kipitishe kwa wanunuzi wenzako wa dhahabu. Safari hii usichungulie.

Mungu akutunze wewe na wote walio chini ya paa lako.

Dada yako akupendaye siku zote,
Sesilia