Karatasi Ulizobandika kwa Uji wa Uwele

Dada Penina,

Shikamoo. Nimekaa muda mrefu kabla ya kuliandika neno hilo, kwa sababu kila mara nilipolisema nilisubiri marahaba yako, na safari hii sijui nisubiri nini. Liache hapo lilipo.

Ni miezi minne tangu tukuzike. Nakuandikia nikiwa ofisini mjini, wenzangu wamekwenda kula. Kazi yangu unaijua: naeleza nani, nini, wapi na lini. Nitakueleza hivyohivyo, maana nikijaribu namna nyingine kalamu inakwama.

Mama yu mzima. Hakubali tena kulala ndani ya tembe. Ametandika mkeka uani, na mvua ikianza anasogea chini ya upenu, lakini ndani haingii. Ukimsihi anasema lile paa la udongo amelibeba kichwani miaka yote, sasa kichwa kimechoka. Mvua zimeanza vizuri na uwele umeota. Darasa lako la saba halina mwalimu. Mwalimu Mkuu anafundisha la sita na la saba kwa pamoja, na sauti imemkauka.

Sasa nirudi nyuma, kwa utaratibu.

Jumapili ile ardhi ilipotikisika mara ya kwanza, mimi nilikuwa nyumbani kwangu Mkonze, pembeni mwa mji, nanyoa ndevu. Kioo kiligonga ukuta mara tatu, kikatulia. Nilihesabu sekunde kwa sauti, kama ulivyonifundisha tulipokuwa wadogo, vumbi la dari likitumwagikia kwenye mlenda na wewe umenishika mkono mlangoni: moja, mbili, tatu, toka nje. Kesho yake nilipiga simu wilayani. Ofisa akanijibu, "Tumetikisika kidogo tu, bwana. Hakuna madhara." Niliuliza mara mbili kama nilivyofunzwa, akajibu vilevile mara mbili. Nikaandika habari ya aya tatu kwamba kumetokea tetemeko na hakuna madhara.

Kijijini kwetu hakuna simu. Hilo nilikuwa nalijua. Yule bwana alikuwa ananieleza ofisi yake na mtaa wake, na mimi nikaandika wilaya nzima.

Wakati gazeti linachapwa, wewe ulikuwa umeshawatoa watoto nje ya darasa. Darasa lile walilijenga wazazi wenyewe, matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo mtupu. Ulikuwa ukisema kwamba zamani saruji haikupatikana hata ukilala kwenye foleni, na siku hizi imejaa madukani mpaka inagandia kwenye mifuko, na bado sisi hatuna. Ufa ulipita kutoka dirishani hadi kwenye mabati. Ukawafundishia kwenye kivuli cha ofisi ya mwalimu mkuu, asubuhi upande huu, mchana upande ule, darasa zima likihama na kivuli, madawati vichwani.

Na kila asubuhi, kabla ya kengele, uliingia mle peke yako na bakuli la uji. Ulikata daftari vipande vyembamba, ukavibandika juu ya ufa kwa uji wa uwele, ukaandika tarehe. Kesho yake ulikwenda kusoma. Kikiwa kizima, ukuta umetulia. Kikiwa kimechanika, ukuta unatembea. Nani alikufundisha? Sikukuuliza. Mimi ambaye riziki yangu ni kuuliza.

Ulikuja mjini juu ya lori la mahindi kutoka Kibaigwa. Dada wa mapokezi aliniambia, "Kuna mama mmoja wa mahindi anakutafuta." Nilikukuta umesimama karibu na mlango, nywele zimejaa pumba, bahasha umeikumbatia.

"Mbukwa, bwana mkubwa," ulinisalimia kwa Kigogo, kwa sauti iliyofanya ofisi nzima igeuke. "Umekonda. Huku mnakula maneno matupu?"

Ulimwaga vile vipande juu ya meza yangu ukavipanga. Hiki cha Jumanne, kimechanika. Hiki cha Ijumaa, kimechanika. Hiki cha juzi, kimeachana kabisa. Ulitaka kitu kimoja tu, na ulikieleza vizuri kuliko mabwana wengi ninaowahoji. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa karibu. Ofisi ya elimu ilitaka ufanyike kwenye chumba chenye mlango na kufuli. La sivyo, watoto waende shule ya ng'ambo ya mto wa mchanga, walale huko siku zote za mtihani. Baba za wasichana walikuwa wamekwisha kukataa. Baba yake Eliza, yule binti uliyesema anapiga hesabu kabla hujamaliza kuiandika ubaoni, alikwambia, "Mwanangu halali ugenini kwa ajili ya karatasi." Wewe uliomba mtihani ufanyiwe kanisani. Ofisa wa elimu akakujibu kwamba kanisa huruhusiwa pale tu darasa linapokuwa limeharibika.

"Nikamwambia limeharibika," ulinieleza. "Akafungua droo, akatoa gazeti lako. Akanisomea. Akasema, 'Mwalimu, mdogo wako wa mjini anasema hakuna madhara, wewe wa UPE unasema yapo. Nimsikilize nani?'"

Ulisema hivyo ukicheka. Walimu wa UPE mlizoea. Uliajiriwa na elimu ya darasa la saba, ukajifunza ualimu huku unafundisha, kwa sababu kwa mpango ule wa elimu kwa wote nchi ilitaka kila mtoto awe darasani na walimu hawakutosha. Baadaye wakawageuza mzaha. Lakini ni mwalimu wa UPE aliyeniwekea kalamu ya kwanza mkononi. Mwaka niliochaguliwa kwenda sekondari, peke yangu kutoka shule nzima, ulibeba sanduku langu la bati kichwani mpaka barabara kuu, na njia nzima ulinisomesha majina ya mito.

Nilitazama karatasi zile, nikakwambia, "Dada, hizi ni kurasa za daftari."

"Ndiyo. Ulitaka za benki?"

"Nahitaji mhandisi aseme."

"Mhandisi nitamtoa wapi, nimsuke kwa ukili?"

"Kanuni yetu ni vyanzo viwili, na kimoja kiwe na cheo."

"Ualimu si cheo?"

"Wewe ni dada yangu. Ndugu si chanzo cha habari."

Ulikinyoosha kipande kimoja kwa kidole. Kisha ukasema, "Basi ningezaliwa kwa jirani." Ukavikusanya vipande kimoja kimoja, ukavirudisha kwenye bahasha, ukaniachia.

Nilikuwa nawahi mkutano kwenye ukumbi wa Chimwaga. Nilikuahidi kwamba ukiisha nitakuja mwenyewe na kamera. Ulifunga khanga vizuri kiunoni, ukaniambia, "Mtihani hausubiri mkutano, Yoeli." Hukulisema kwa hasira. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama kulikuwa na hasira, maana ingenisaidia. Haikuwepo. Nikaiweka bahasha kwenye droo.

Zilipita siku tisa.

Alhamisi asubuhi bado nilikuwa ukumbini. Msemaji alikuwa anaeleza umuhimu wa wananchi kuchangia maendeleo yao wenyewe, nami nilikuwa nanukuu neno kwa neno. Dereva wa lori la Kibaigwa alisimama mlangoni na kandambili zake, walinzi wamemzuia. Niliona midomo yake kabla sijamsikia. "Mwalimu ameangukiwa."

Nimehoji watu wote waliokuwepo, na maelezo yao yanafanana. Uliingia kabla ya kengele na bakuli lako. Tetemeko lilikuwa dogo, mjini hakuna aliyelihisi. Mwalimu Mkuu anasema aliona vumbi kwanza, sauti ikafuata. Watoto walikuwa mstarini, nje, mahali ulipowaamuru wakae. Hakuna hata mmoja aliyepata mchubuko.

Ningependa kuandika kwamba ukuta uliokuwa ukiupima ndio uliokuangukia. Si kweli. Ule bado umesimama. Kilichoanguka ni ukuta wa nyuma yako, uliokuwa mweupe na mzima, ambao hakuna aliyeutilia shaka, hata wewe. Kwenye ule wenye ufa nilikuta kipande cha mwisho. Kina tarehe ya Alhamisi, kwa mwandiko wako, na uji ulikuwa umekauka pembeni tu. Hakikuchanika.

Nilikaa mbele ya kipande hicho muda mrefu. Mtu anayetafuta nafuu angeshika hoja hii: kwamba karatasi hazikujua, kwa hiyo hata ningeziandika zisingekuokoa. Nimeipima hoja hiyo, Dada. Haisimami. Ningeandika, chumba kingefungwa kwa amri, mtihani ungepelekwa kanisani, na wewe usingekuwa na sababu ya kuingia mle na bakuli kumthibitishia mtu yeyote kitu chochote. Ulikuwa unaongeza ushahidi kwa sababu mimi nilisema hautoshi.

Hapo niliinuka, nikaliokota bakuli lako, nikampelekea Mama.

Mazishini alikuja ofisa wa elimu, amevaa koti kwenye jua lile. Alinipa mkono akasema, "Pole sana, ndugu mwandishi. Hatukuwa na taarifa." Nilitaka kumjibu, nikakumbuka taarifa ilikuwa wapi.

Wiki iliyofuata niliandika masahihisho. Mhariri wangu, ambaye si mtu mbaya, alisema, "Yoeli, habari hii imepoa." Nikamwambia haiwezi kupoa kwa sababu haijawahi kutolewa. Ikatoka chini ya ukurasa wa ndani, sentensi nne. Niliandika kwamba tuliwahi kueleza kuwa tetemeko halikuleta madhara, na kwamba maelezo hayo hayakuwa sahihi. Niliandika jina la shule na hali ya darasa. Sentensi ya nne ilisema: kwa mujibu wa Mwalimu Penina, aliyeupima ukuta huo kila asubuhi, ufa ulikuwa ukipanuka. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilimtaja ndugu kama chanzo. Hakuna aliyelalamika. Sentensi zile nne zilinichukua dakika ishirini kuziandika.

Dakika ishirini, Dada. Na ulikuwa umekaa hapohapo mbele yangu.

Ofisa alikikata kipande hicho cha gazeti akakiweka kwenye faili, na kwa kipande hicho kanisa likaruhusiwa. Mzee wa kanisa alifunga kufuli lake mwenyewe. Nilikwenda siku ya kwanza ya mtihani. Watoto wako walifika wote, wasichana na wavulana, wamepiga pasi mashati kwa mkaa. Baba yake Eliza alimsindikiza binti yake hadi mlangoni, akabaki amesimama nje mpaka mchana, kofia mkononi. Nilimsalimia. Akaniambia, "Mwalimu huyu alinisumbua sana. Kila Jumapili yuko kwangu. Sasa sina wa kunisumbua." Akageuka akautazama mlango wa kanisa.

Matokeo yametoka. Hutapenda, lakini hukunifundisha kudanganya. Hakuna aliyechaguliwa. Hata Eliza. Nafasi ni chache, na watoto wale walisoma kipindi kirefu cha mwisho bila ukuta, kisha bila mwalimu. Nilimpelekea Eliza habari mwenyewe ili asiisikie kwenye ubao wa matangazo. Hakulia mbele yangu. Alisema, "Mwalimu aliniambia nikikosa nirudie." Baba yake, nilikuwa nimejiandaa kubishana naye, alisema tu, "Basi arudie." Mwalimu Mkuu amemkubali. Asubuhi, akisubiri zamu ya darasa lake, anawasomesha darasa la kwanza herufi. Anawapigia makofi kwa mtindo wako, mawili mafupi na moja refu. Nilisimama mbali nikasikiliza mpaka nikashindwa, nikaondoka bila kuaga.

Bakuli lako analo yeye. Aliomba, Mama akampa.

Kuna ufa mdogo kwenye ukuta wa ofisi yangu, juu ya taipureta. Upo hapo tangu nihamie. Wiki iliyopita nilikuja na uji wa uwele ndani ya kikombe, dada wa mapokezi akaniuliza kama tumbo linanisumbua. Nikakata karatasi, nikabandika, nikaandika tarehe. Wenzangu wananitania kwamba nimeanza uganga. Nawaacha. Bahasha yako nimeitoa kwenye droo, iko mezani, mahali ambapo ni lazima mkono wangu uiguse kabla ya kufikia simu.

Nakuahidi jambo moja, dogo, ninaloliweza. Ardhi ikitikisika tena, sitaanza na simu. Nitapanda lori, nitakuja, nitaingia kila chumba ambamo mtoto anasoma, na mwalimu aliyepo, wa cheo chochote, ndiye nitakayemuuliza kwanza. Na Eliza akifanya mtihani tena, nitakuwa nje ya mlango pamoja na baba yake.

Pumzika, Dada. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa, na ahadi itabaki palepale.

Kipande cha asubuhi hii ni kizima. Nimekisoma kabla sijasoma gazeti.

Mdogo wako,
Yoeli