Mnazi wa Bi Mwanaisha

Jumatano

Mnyororo ulikuwa chini ya kiti muda wote. Ningeukumbuka, ningeutumia kuunganisha winchi ya mkono ya kuvutia gari na ule mkorosho mkubwa wa mbali, na mnazi wa Bi Mwanaisha ungekuwa bado umesimama.

Lakini gari lilikuwa limezama topeni hadi ekseli, na Zuhura, mke wa jirani yangu, ameshikwa na uchungu kiti cha nyuma. Waya wa winchi ulifika kwenye mnazi tu, mti mchanga bado. Bi Mwanaisha, mwenye shamba, alikuwa amesimama pale pale.

"Shikamoo, bibi. Naomba nifunge waya hapa."

"Marahaba. Funga, baba. Mtu kwanza."

Nikausukuma na kuuvuta mkono wa winchi mpaka viganja vikachubuka. Gari likaanza kusogea, mnazi nao ukaanza kulala. Niliona mizizi ikinyanyuka. Sikuacha. Gari lilipotoka, mnazi ulikuwa chini.

Zuhura amejifungua salama Bagamoyo, mtoto wa kike. Alhamdulillahi.

Jioni nilirudi kumtaka radhi bibi. Nilimkuta amekaa kando ya mti ulioanguka. Nikamwambia nitamletea mche mwingine.

"Lete," akasema. "Huu aliupanda marehemu mwanangu, mwaka ule ule aliofariki."



"Mbona hukuniambia, bibi?"

"Ningekuambia, ungefunga?"

Nisingefunga, naye alilijua hilo.