Mtaro wa Upande Wetu

Jumanne, 3 Juni
Mazoezi kama kawaida. Kuzunguka uwanja, pasi fupi, mashuti. Mimi golini, vumbi mpaka kwenye meno. Zeitun hakuja. Mshambuliaji wetu huyo hakosi mazoezi hata akiwa na mafua. Kesho nitapita kwao.

Jumatano, 4 Juni
Zeitun amehama. Katikati ya ligi! Ameenda kwa wale wa ghorofa mpya, timu yenye mfadhili, kila mchezaji anapewa viatu. Mamake ndiye aliyeniambia. Mwenyewe alijificha chumbani, na kandambili zake niliziona mlangoni.
Nimeumia. Tumekaa dawati moja tangu darasa la nne, halafu anashindwa kuniambia kwa mdomo wake.

Jumapili, 8 Juni
Aibu. Wengine wamemfuata Zeitun. Tulifika uwanjani watano. Refa alisubiri, akatazama saa, akawapa wapinzani ushindi bila mpira kuguswa.
Sheria ya ligi yetu iko wazi. Timu ikikosa mara moja, inaonywa. Ikikosa tena, inafutwa. Na usafi wa Jumamosi, kila baada ya wiki mbili, unahesabiwa sawa na mechi: kila timu ina sehemu yake ya mtaro mtaani, na mkaguzi akiikuta chafu, ni kama hamkutokea. Kocha anasema tupumzike, tujipange mwaka ujao. Mwaka ujao mimi nitakuwa nimepita umri wa ligi hii. Sipumziki.

Jumatano, 11 Juni
Mama ananiita mheshimiwa, eti naomba kura. Nimegonga kila mlango wa ploti yetu na ya jirani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Nimempata Mumbi wa gredi ya saba, mdogo, lakini anakimbia kama anafukuzwa na mbwa. Nimepata pia dada wawili waliohamia juzi kutoka mtaa wa Pipeline. Hawajui ofsaidi ni nini. Watajua. Tuko wanane, na saba wanatosha kuanza mechi.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekutana na Zeitun dukani. Viatu vipya miguuni, anaenda kununua maziwa navyo!
"Niaje, Neki."
Nikampita kama mlingoti. Mtu mwema angejibu. Mimi leo sikuwa mwema.
Kesho tutaanza usafi mapema kuliko wote. Nataka wale wa ghorofa wakifika wakute tumemaliza, wajue hatujafa.

Jumamosi, 14 Juni
Naandika hivyo hivyo, mikono bado inanuka.
Tulifika jua halijachomoza. Tukatoa tope, chupa, mifuko, shati bovu, kiatu kimoja. Mumbi aliingia mpaka magotini bila kulalamika. Maji yakaanza kutembea. Nilijivuna, nisiseme uongo.
Kisha timu ya Zeitun ikaja na makoleo yake. Wakasimama. Wakaanza kucheka.
Zeitun peke yake hakucheka. "Neki, hii ni yetu. Yenu inaishia hapo kwa kibanda ya maji."
Siku zote Zeitun ndiye aliyetupanga mtaroni, mimi nikisukuma wilibaro kwenda jaani. Mpaka wenyewe mimi na wenzangu hatukuwahi kuuliza uko wapi. Tangu alfajiri tulikuwa tunawasafishia wao! Na ng'ambo ya kibanda, mtaro wetu ulikuwa umejaa hadi ukingoni, mkaguzi naye ameshaonekana kule juu akishuka na kofia yake. Nilitaka kukaa chini nilie.
Zeitun akashika reki, akavuka upande wetu. Nahodha wake akamwita.
"Kwetu kumeshaoshwa," akamjibu. "Sasa nikae nitazame?"
Wenzake wakaangaliana. Halafu wakaja, mmoja mmoja, bado wanacheka. Mmoja akaniambia, "Asante kwa kutuoshea. Zamu ijayo mkuje tena." Nikameza. Timu mbili kwenye mtaro mmoja, kazi ikaenda mbio. Mkaguzi alizianza ploti za juu, na alipotufikia tulikuwa tunafagia ukingo. Akaweka alama pande zote mbili. Hatujafutwa.
Tukinawa mikono kibandani, nilimuuliza Zeitun kwa nini hakuniambia. Akasema aliogopa ningemwomba abaki, na angebaki. Nikakumbuka viatu vyake vya zamani, soli imefungwa kwa waya, na jinsi alivyokuwa akivificha tukipiga picha ya timu. Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Si yote. Nyingi.

Jumapili, 15 Juni
Tumecheza. Tumefungwa tatu bila. Hakuna aliyetoka kabla ya filimbi, hata yule dada wa Pipeline aliyeotea mara nne na kuniuliza kila mara amekosa nini.
Jioni Kocha alileta jezi namba tisa. Zeitun aliirudisha tangu siku ile aliyohama, imefuliwa na kukunjwa. Kocha hakujua ampe nani. Nami nilikuwa nataka ikae mfukoni tu, imngoje mwenyewe.
Nimempa Mumbi. Inamfika magotini. Ameisokomeza ndani ya kaptura ikavimba kiunoni, kisha akaniuliza mazoezi ya Jumanne yanaanza saa ngapi. Nimemwambia, na nimemwambia asichelewe.