Orkide ya Papa mu udongo wa Ngungu

Ngungu, siku ya ine, mangaribi

Mama mukwe amepanda orkide yangu, ile maua yenye kuota ku miti, mu udongo! Ilikuwa imefungwa kwenye kipande ya muti, mizizi inje, vile Papa alikuwa anazifunga kule kwetu Itebero. Yeye akaiweka mu nyungu na udongo mweusi wa shamba yake ya viazi.

"Niliihurumia," akasema. "Ilikuwa inalala njaa."

Nilikasirika. Nikaitoa, nikaosha mizizi. Mumoja umeshaoza. Ile ingine ilipopata maji ikageuka kijani, alama kama ingali mizima, nikapumua.

"Sasa itakula nini?" akauliza.

Na mimi nilimuuliza Papa vile vile nikiwa mutoto. Nikamujibu vile Papa alinijibu: "Ukungu, Mama."

Akaangalia inje, milima yote imefunikwa. "Basi huku haitakosa chakula." Tukacheka.

Papa alikuwa anatoa orkide mu pori bila kujua ni gani. Mangaribi maua ikifunguka, anafunga macho, ananusa, anasema: "Njo ile nyeupe ya ku muto." Hakukosea hata siku moja.

Hii aliniachia mbele ya kufa haijatoa maua huku Ngungu. Ninaogopa siku itatoa. Nitafunga macho, nitanusa, na sitaijua.